Anayesimama Mlangoni pa Mochari

Msikilizaji, kama uko ndani ya matatu iliyokwama pale Museum Hill, mwombe dereva aongeze sauti kidogo, maana habari ya leo inapita hapo hapo ulipo.

Wikendi ya Pasaka mwaka 2015, mabasi yalikuwa yakitoka uwanja wa Nyayo yakielekea Chiromo. Ndani yake walikaa wazazi, wajomba, kaka na dada. Alhamisi tarehe 2 Aprili, katika shambulio lililoanza alfajiri, watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na miili ikaletwa Nairobi kwa ndege ili jamaa waje kuitambua. Pale Chiromo, kati ya mlango wa basi na mlango wa mochari, alisimama mtu ambaye ndiye ninayetaka tumzungumzie. Hakuwa daktari wala polisi. Alivaa kizibao, mfukoni ana karatasi za kupangusia machozi, mkononi chupa ya maji. Kazi yake ilikuwa kumpokea baba aliyeshuka kwenye basi, kumweleza atakachokiona ndani, kuingia naye, kusimama naye mbele ya uso ambao huenda risasi imeuharibu, kisha kutoka naye, akiwa amempata mwanawe au hakumpata. Halafu anarudi mlangoni kumpokea mama mwingine.

Kamera zetu hazikumwona. Sisi wanahabari tulimtafuta mzazi anayeanguka, na yule anayemdaka tulimkata pembeni ya picha. Huyo anayedaka ni mshauri nasaha, au mwanasaikolojia, au muuguzi wa magonjwa ya akili, au mwanafunzi wa fani hizo aliyekuja kujitolea. Jioni alivua kizibao, akapanda matatu, akaenda nyumbani kupika.

Swali langu leo ni la kiutawala, msikilizaji, si la kuhurumiana. Kazi ya kumsikiliza mtu huyu ni ya nani, inalipwa kutoka mfuko gani, na imeandikwa wapi?

Kabla ya kulijibu, nifuate barabarani. Anza pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, karibu na stesheni ya reli. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, muda mfupi baada ya saa nne u nusu asubuhi, bomu lililotegwa kwenye lori lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani. Jengo la Ufundi likaporomoka, Jumba la Ushirika likabaki limepasuka vioo kuanzia juu hadi chini. Hapa Nairobi walikufa watu 213, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu, wengi wao machoni, kwa sababu kulitangulia mlipuko mdogo na watu wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Sasa panda Uhuru Highway, pita Chuo Kikuu, fika Museum Hill. Chiromo iko kushoto kwako. Ingia Riverside Drive, na nambari 14 ndipo ilipo hoteli ya DusitD2, walipouawa watu 21 katika shambulio lililoanza alasiri ya tarehe 15 Januari 2019. Rudi barabara kuu, nenda Westlands, kata kulia: jumba la maduka la Westgate. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na mzingiro ukachukua siku nne. Hapo jirani ndipo lilipo jumba la jamii ya Oshwal, lililogeuka ghafla kuwa jikoni, zahanati na mahali pa kusubiri habari, na kule Parklands ziko hospitali za Aga Khan na MP Shah zilizopokea majeruhi.

Hizo zote ni kilomita chache. Mtaalamu anayetoka ng'ambo kuja kutusaidia hukaa wiki mbili tatu, akapanda ndege akarudi kwake, na mahali pa msiba pakabaki nyuma yake. Mshauri wa Nairobi hana pa kurudi. Kliniki yake iko Kilimani au Lavington, mtoto wake anasoma Parklands, nguo za shule ananunua Westlands, na jamaa yake akifariki huenda akawekwa Chiromo ile ile. Isitoshe, siku ya tukio yeye naye alikuwa akimpigia simu mdogo wake anayefanya kazi maeneo hayo, na simu haishikwi. Akavaa kizibao akaenda kuwatuliza wenzake huku bado hajajua.

Wenye taaluma wamelitambua jambo hili kitambo. Mwaka 1990 Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika kwamba anayesikiliza visa vya ukatili siku baada ya siku hubadilika ndani: namna anavyouona ulimwengu, anavyowaamini watu, anavyojihisi salama. Miaka mitano baadaye Charles Figley akatoa kitabu kizima juu ya kile alichokiita uchovu wa huruma. Na mwezi Mei 2013, miezi minne tu kabla ya Westgate, mwongozo mkuu wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la tano, ukakubali wazi kwamba mtu anaweza kupata msongo wa baada ya kiwewe bila yeye mwenyewe kushambuliwa, ikiwa kazi yake humkutanisha mara kwa mara na undani wa maafa. Mfano mmoja uliotajwa mle ni wa wanaookota mabaki ya miili. Mwongozo huo unatumiwa sana na madaktari wetu hapa.

Kwa lugha ya nyumbani mambo huwa hivi. Mfikirie mshauri, mama wa makamo, hodari, mcheshi. Baada ya wiki za kazi ya maafa anaanza kuota ngazi za jengo ambalo hakuwamo, kwa sababu ngazi hizo amesimuliwa na watu ishirini. Akiingia mkahawani anachagua kiti kinachotazama mlango, na kabla ya kuagiza chai ameshahesabu njia za kutokea. Mume akichelewa dakika kumi anapiga simu tano. Mteja wake wa kawaida anakuja kulalamika kuhusu mama mkwe, na yeye, aliyekuwa na subira ya miaka, anahisi hasira: hili nalo ni tatizo? Hiyo hasira ndiyo hatari yenyewe, maana mteja huyo amelipa, na shida yake kwake ni kubwa. Mshauri anaanza kusikiliza nusu. Anaahirisha miadi. Au anafanya kinyume chake, anajaza kazi hadi usiku kwa sababu akikaa kimya picha zinakuja.

Wapo wasiopata lolote katika hayo, na ni vizuri kulisema mapema. Walio wengi wanaopitia maafa hutikisika, kisha hutulia bila tiba yoyote, na wasaidizi ni vivyo hivyo. Sitaki tumgeuze kila aliyevaa kizibao kuwa mgonjwa. Lakini wanaobaki na jeraha wapo, na kwao kuna kikwazo ambacho mtu mwingine hana. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote.

Tulisogelee kupitia mwaka 1998. Wakati ule nchi hii ilikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili wachache mno kwa watu wake. (Hata leo hesabu inayotajwa ni takriban mia moja kwa watu zaidi ya milioni hamsini.) Kilichofanyika kilistaajabisha. Madaktari wakiongozwa na Daktari Frank Njenga waliunda mpango ulioitwa Operation Recovery, na washauri wakakusanywa: waliosomea, waliosomea nusu, walimu, wachungaji, watu wa kujitolea. Kituo cha Amani, ambacho kilikuwa kimeanza kutoa ushauri na mafunzo tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, kilikuwa miongoni mwa vilivyobeba mzigo. Redio na televisheni zikatumika kuieleza nchi kwamba ndoto mbaya na moyo kwenda mbio baada ya mlipuko si wazimu wala si kurogwa. Hapo redio ilifanya kazi yake, na najisifu kwa niaba ya walionitangulia.

Kazi ile ilileta utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la magonjwa ya akili la Uingereza. Watu zaidi ya elfu mbili na mia sita walioguswa na bomu walijaza hojaji mwezi mmoja hadi mitatu baada ya tukio. Asilimia 35 yao walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya msongo wa baada ya kiwewe. Watafiti wakauliza: ni nani hasa? Waliojeruhiwa na bado hawajapona. Waliofiwa. Walioona mlipuko. Wanawake. Waliopata shida ya pesa baada ya hapo. Na katika orodha hiyo kulikuwa na kundi jingine: wale ambao hawakuwa wamemweleza rafiki yeyote yaliyo moyoni.

Hilo la mwisho lisisomwe haraka. Inawezekana kabisa kwamba kimya ndicho kilichowaumiza, na inawezekana vilevile kwamba walioumia zaidi ndio walionyamaza. Utafiti wa aina ile hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Lakini hata ukilichukua kwa tahadhari zote, litazame tena ukimfikiria mshauri. Mfanyabiashara aliyetoka hai Westgate anaweza kurudi nyumbani akamsimulia mkewe, akamsimulia jirani, akasimulia msikitini au kanisani, akarudia hadi kisa kikachakaa. Muuza magazeti wa Moi Avenue vivyo hivyo. Mshauri amefungwa na kiapo. Aliyoyasikia ni ya mteja. Hawezi kumwambia mume wake kwamba leo nimekaa na baba aliyemtambua binti yake kwa soksi, kwa sababu Nairobi hii ni ndogo kuliko inavyoonekana, na kesho baba huyo atakutana na mume huyo kwenye harambee. Maadili ya kazi yake yanamweka kwenye kundi lile lile ambalo utafiti wa jiji lake ulilitia alama ya hatari. Tena kadiri anavyokuwa mwaminifu kwa kazi ndivyo anavyozidi kunyamaza.

Wahenga walisema mganga hajigangi, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kumcheka mganga. Mimi naiona kama kanuni ya kazi: akiugua lazima agangwe na mwenzake, na mwenzake huyo awe amepangwa tangu mapema. Katika ushauri nasaha mwenzake huyo yupo, na ana kazi yake maalumu. Ni mshauri mzoefu ambaye hukutana na mshauri mdogo kila baada ya muda, faraghani, wakapitia kesi bila majina: umefanya nini, kwa nini, na wewe mwenyewe imekufanyia nini. Hapa nitamwita mlezi. Kiapo cha siri kinamhusu naye, kwa hiyo huo ni mlango ulio wazi kisheria na kimaadili. Kwa kisa cha mochari, karibu ndio mlango pekee.

Basi mlango huo uko wapi siku ya maafa? Mara nyingi haupo. Washauri wengi wanaofika kwenye hema la kuwahudumia wafiwa hufika kwa kujitolea, baada ya kusikia tangazo redioni au kupata ujumbe kwenye simu. Wanaandikwa jina na nambari, wanapewa kizibao. Wanaoratibu, kwa kawaida Shirika la Msalaba Mwekundu pamoja na vyama vya wanataaluma, wana mzigo wa kutosha: familia mia kadhaa, miili, orodha za waliopotea, wanasiasa wanaotaka kupiga picha. Mshauri anafuatiliwa akiwa pale. Akishaondoka, kumfuatilia ni jambo la bahati.

Hali ilikuwa ngumu zaidi mwaka 2013, kwa sababu hapakuwa na sheria ya taaluma hii. Mtu yeyote angeweza kutundika kibao akajiita mshauri, na mtu yeyote mwenye moyo mwema angeweza kuingia hemani. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilikuja mwaka uliofuata, 2014, ikaweka bodi na usajili. Ni hatua. Lakini huwezi kumsajili mtu kwa saa mbili huku moshi bado unafuka, na majanga yetu bado yanapokea wanafunzi wa mwaka wa pili wanaohitaji saa za mazoezi. Kumweka kijana wa miaka ishirini na mmoja mlangoni pa mochari kama sehemu ya masomo, kwa maoni yangu, ni kumdhulumu. Aliyefunzwa kuketi na mtu mmoja ofisini kwa dakika hamsini hajafunzwa kusimama na watu arobaini kwa siku tatu.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikosekani, nacho ndicho kinachonikera. Wiki moja baada ya tukio, wahudumu huitwa ukumbini. Wanakaa duara. Kila mmoja anaambiwa aeleze aliyoyaona na alivyohisi, wamalize yote. Wanalia, wanakula, wanapewa cheti, wanaenda nyumbani. Ripoti inaandika kwamba wahudumu wamehudumiwa. Mtindo huo una asili yake: Mmarekani Jeffrey Mitchell aliueleza mwaka 1983 kwa ajili ya wazima moto na watu wa ambulensi, akiwa na hatua nyingi na masharti. Ukasambaa dunia nzima ukiwa umepunguzwa ukawa kikao kimoja. Mwaka 2002 mapitio ya majaribio yaliyofanywa chini ya mtandao wa Cochrane yalipima vikao vya namna hiyo vya mara moja kwa watu waliopatwa na kiwewe, yakakuta havizuii msongo wa baadaye, na katika jaribio moja waliopewa kikao walikuwa katika hali mbaya kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani halivipendekezi. Mwaka 2011 lilitoa, pamoja na wenzake, mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao haumlazimishi mtu kusimulia chochote. Tazama anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, muunganishe na msaada. Washauri wetu wanaujua mwongozo huo na wanautumia kwa wazazi. Wao wenyewe wakiumia wanarudishwa kwenye duara la ukumbini. Kisa chake ni rahisi: duara ni la siku moja, linaingia kwenye bajeti ya siku moja, na linapigika picha.

Dawa ya pili inayouzwa sana ni ile ya kujitunza. Lala vizuri, kunywa maji, tembea msitu wa Karura, jipende. Sina ugomvi na Karura, ni pazuri. Lakini mfanyakazi wa chumba cha eksirei huvaa kifuani kibeji kidogo kinachopima mionzi iliyompata. Kibeji hicho husomwa kila baada ya muda na mtu mwingine, matokeo yanaandikwa kwenye rekodi, na kiwango kikizidi mkuu wake analazimika kumwondoa pale. Hakuna anayemwambia mionzi ni juu yake, ajitunze. Sasa nionyeshe rekodi inayosema mshauri fulani aliingia mochari mara ngapi mwaka 1998, mara ngapi 2013, mara ngapi 2015, mara ngapi 2019. Wapo waliofanya kazi katika zaidi ya msiba mmoja kati ya hiyo, na hesabu hiyo wanayo vichwani mwao tu.

Wenzetu wa New York walilipima hili baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Joseph Boscarino, Figley na Richard Adams waliwahoji maofisa wa ustawi wa jamii 236 wa jiji lile, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Waliohusika zaidi na kuwashauri waathiriwa wa mashambulizi yale walikuwa na dalili zaidi za kiwewe kilichopokelewa kutoka kwa wengine. Ila waliofanya kazi mahali panapowajali, wenye wakuu na wenzao wanaowashika mkono, walikuwa na nafuu. Nafuu ilihusiana na mahali pa kazi, jambo ambalo mwajiri anaweza kulibadilisha. Hiyo kwangu ni habari njema kuliko ushauri wa kunywa maji.

Na si kwamba dunia haijaandika la kufanya. Miongozo ya mwaka 2007 ya kamati ya mashirika ya Umoja wa Mataifa na wenzake, inayohusu afya ya akili wakati wa dharura, ina kipengele kizima juu ya wafanyakazi na wahudumu wa kujitolea. Inasema waliopitia tukio zito wafuatwe na mtaalamu mwezi mmoja hadi mitatu baadaye, waulizwe wako vipi, na wanaohitaji tiba wapelekwe. Angalia muda huo: mwezi mmoja hadi mitatu. Ni wakati ambao hema limekunjwa, magazeti yamehamia habari nyingine, na mratibu yuko kwenye mafuriko ya kaunti nyingine. Jengo la Westgate lilikarabatiwa likafunguliwa tena Julai 2015. DusitD2 haikuchukua hata mwaka. Majengo yana wenyewe, yana bima, yana wanahisa wanaopiga simu kila asubuhi. Mshauri wa kujitolea hana anayempigia.

Ningepewa kalamu ya kuandika mpango wa dharura wa jiji hili, ningeanza na zamu. Mochari ni saa chache, si kutwa. Waingie wawili wawili. Aliyefiwa mwaka huo, au ambaye jamaa yake bado hajulikani alipo, asipelekwe hata akiomba, na atakayesema leo siwezi asiulizwe sababu. Mlezi awepo tangu siku ya kwanza, naye asiingie ndani kabisa, ili abaki na kichwa kilichotulia. Alipwe, kwa sababu kazi ya bure haidaiwi. Na hesabu iandikwe: jina, mahali, saa. Baada ya miezi miwili mtu apige simu kwa kila jina, kisha baada ya miezi sita apige tena. Hayo hayahitaji hospitali mpya wala mtaalamu kutoka nje.

Najua jibu litakalokuja kutoka kwenye ofisi fulani: pesa hakuna. Mwaka 1998 pesa zilikuwapo kwa sababu aliyelengwa alikuwa Mmarekani, na msaada wa Marekani ukafuata. Zilipokwisha, mipango nayo ikaisha. Mwaka 2020 jopo la serikali kuhusu afya ya akili, likiongozwa na Daktari Njenga yule yule wa 1998, lilipendekeza matatizo ya afya ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Miaka ishirini na miwili mtu mmoja bado anagonga mlango ule ule. Ukitaka kujua jinsi tulivyowategemea watu wachache, humo mna jibu.

Na msiba wenyewe unabadilika sura. Juni 2024, vijana walipouawa na kujeruhiwa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha, mengi yakiwa hapo hapo katikati ya jiji, hapakuwa na hema moja wala mratibu mmoja. Washauri walijitangaza mitandaoni: nipigie, nitakusikiliza bure. Wakapigiwa usiku na mchana, kila mmoja chumbani kwake na simu yake. Utu mkubwa ule. Lakini pale hata kizibao hakikuwapo, wala mtu wa kumwambia mshauri kwamba saa zako zimetosha, mpe mwenzako. Maafa ya namna hiyo yataendelea kuja, na mpango wangu wa zamu hauyatoshi. Hapo vyama vya wanataaluma vinatakiwa viwe na orodha yao ya walezi, iliyo tayari, ambayo mshauri anaifikia kwa simu moja bila kupitia kwa mratibu yeyote.

Kuna wanaonipinga kutoka upande wa pili. Wanasema kazi ya maafa imewakomaza, imewapa imani, imewafunza thamani ya asubuhi ya kawaida, na wakiitwa kesho watakwenda. Nawaamini. Wengi wao hawataki kuonewa huruma na mtangazaji. Nami sikuja kuwaonea. Rubani naye anaipenda kazi yake, na bado saa zake za kuruka zinahesabiwa.

Sasa nina neno moja kwa yule anayenisikiliza akijua kwamba namzungumzia yeye. Labda ulikuwa Oshwal. Labda ulikuwa Chiromo, au ulishika simu za vijana mwaka 2024. Umebaki na sura moja isiyokutoka na hujamwambia mtu, kwa sababu ya kiapo. Kiapo hakikukatazi kukaa na mtaalamu mwenzako ukamweleza bila kutaja jina la mtu. Kama hujalala vizuri, kama unawakwepa wateja, kama Westlands hupakaribii, tafuta mlezi ambaye hakuwa pale nawe. Usiende kwa rafiki yako mliyekuwa naye zamu moja. Yeye ana sura yake. Na kama wewe ndiye mkuu wa kituo, chuo au hospitali, fungua jalada la msiba wa mwisho uliowapeleka watu wako, uangalie kama orodha ya majina yao bado imo.

Mwenzangu wa taarifa ya habari ameshaketi kwenye kiti, ananionyesha saa.